Kibanda cha vitabu cha Kenya, Lubumbashi: Jumamosi saa tisa, njoo na kiti chako

Kwa wasioujua mji wetu: Kenya ninayoitaja ni komini, yaani mtaa mmoja, ya Lubumbashi hapa Kongo, si nchi ya Nairobi. Kibanda chenyewe kiko kwenye baraza ya nyumba ya muzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Mbele mabati, ndani rafu tatu za mbao, na mabenchi manne ambayo hukaa ukutani wiki nzima na kutolewa nje siku ya Jumamosi. Kibao hakuna. Ulizia "kwa muzee wa vitabu". Hata watoto wanaouza maji ya mifuko watakupeleka.

Mimi ni mshonaji. Nimekuwa mteja wa pale mwaka mmoja na ushee. Juzi mama mmoja aliyeniletea vitenge vya harusi aliniuliza ni kitu gani kinachonitoa kwenye cherehani kila Jumamosi, wakati kazi imejaa mezani. Nilijaribu kumweleza, maneno yakaniishia njiani. Haya hapa ndiyo maelezo niliyotaka kumpa.

Tuanze na bei. Kuazima kitabu ni faranga 1,000 kwa wiki, na unaweka rehani ya 5,000 ambayo unarudishiwa ukikirudisha kizima. Kukaa kusikiliza Jumamosi ni 500, pamoja na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Aliyekosa 500 hafukuzwi, ila munkoyo hapati. Kusoma kunaanza saa tisa na kunakwisha giza likiingia. Muzee hana jenereta, na mshumaa karibu na karatasi hautaki.

Riwaya anazo chache. Rafu zake zimejaa historia za kweli zilizoandikwa kwa namna ya hadithi: vita, meli zilizozama, safari, wafalme walioanguka. Nyingi ni za Kifaransa, kadhaa za Kiingereza. Yeye huchukua kitabu kimoja, anasoma aya kwa lugha yake, anainua macho, kisha anaigeuza kwa Kiswahili chetu cha hapa. Polepole. Kitabu kimoja kinaweza kula Jumamosi sita. Mwanzoni nilidhani upole ule ni wa uzee. Sasa najua anafanya hivyo ili watu wapate nafasi ya kumkatiza.

Kitabu cha kwanza nilichokikuta hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, hivyo jina lake silijui mpaka leo. Kilikuwa cha Kiingereza, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na kilisimulia habari ya mashua mbili za Waingereza zilizopitishwa hapa hapa mjini mwaka 1915. Nilisimama barazani kujikinga na mvua, nikasikia muzee akisema "Elisabethville", jina la zamani la mji huu. Nikakaa.

Habari yenyewe ni hii. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani ndio waliolitawala ziwa Tanganyika kwa meli zao. Mwindaji mmoja, John Lee, alikwenda London akashauri kwamba mashua ndogo za injini zinaweza kuvushwa nchi kavu mpaka ziwani. Zikapatikana mbili, za mbao, urefu wa mita kama 12 kila moja. Kamanda aliyepewa kazi, Geoffrey Spicer-Simson, alizipa majina Mimi na Toutou. Msomaji wa Kiswahili akiona "Mimi" anafikiri kamanda alijitaja yeye mwenyewe, lakini ni paka kwa Kifaransa cha watoto, na Toutou ni mbwa. Zilitoka Uingereza Juni 1915, zikashushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka kwetu mwishoni mwa Julai, zikaendelea hadi Fungurume ambako reli ilikuwa imefika. Kutoka pale mpaka Sankisia ni zaidi ya kilomita 200 za msitu na mlima Mitumba. Reli haikuwepo, na barabara ya kupitisha mzigo kama ule haikuwepo. Mashua zilikokotwa kwa injini mbili za mvuke, kwa maksai, na kwa mikono ya watu. Yalijengwa madaraja zaidi ya 100. Safari hiyo ya nchi kavu ilichukua karibu wiki sita, mpaka mwisho wa Septemba.

Muzee alipofika kwenye injini za mvuke alichangamka kupita kiasi. Ni mtu wa reli, na sura tatu alizisoma kwa sauti ya mtu anayezungumzia ndugu zake. Alichora ubaoni jinsi injini moja inavyovuta kwa waya huku nyingine ikishikilia nyuma ili mashua isiteleze kwenye mteremko. Nilifurahi, ingawa wengine walianza kupiga miayo.

Jumamosi iliyofuata tulifika penye maji.

Injini ya mvuke inakunywa kuliko kundi la ng'ombe. Na ilikuwa Septemba. Aliyeishi Katanga anajua Septemba: mvua imeondoka tangu Aprili, nyasi zimeungua, vijito vimebaki mchanga na mawe. Kitabu kilisema, kwa sentensi mbili, kwamba wanawake wa vijiji walichukuliwa kubeba maji kichwani kwa mitungi, kutoka mbali, ili mashine zisisimame. Baada ya sentensi hizo mbili mwandishi akarudi kwa kamanda wake na sigara zake.

Muzee akataka kufungua ukurasa. Mama mmoja muuza sombe (kisamvu), mzaliwa wa upande wa Fungurume, akasema, "Papa, rudia pale." Akarudia. "Tena." Akarudia tena. Mama akauliza: "Ile maji, balitoshaka wapi?"

(Kwetu kutosha ni kutoa. Aliuliza maji yale yalitolewa wapi.)

Hakuna aliyejibu, kwa sababu kitabu hakikusema. Basi yeye akasema. Alieleza jinsi mama yake na bibi yake walivyochimba mchanga wa kijito mwezi wa tisa: unachimba mpaka kiwikoni, unangoja, maji yanajikusanya kidogo kidogo, unayachota kwa kibuyu bila kuyatibua, mwenzako anangoja nyuma yako, na nyuma yake yuko mwingine. Kila nyumba ina zamu. Mtungi mmoja unaweza kula asubuhi nzima. "Sasa mashine ya muzungu iko na kiu," alisema. "Ikikunywa yote, mutoto anakunywa nini?"

Tulikaa hapo hapo mpaka giza likaingia. Hatukusoma ukurasa mwingine. Wanawake waliokuwepo, na tulikuwa tisa, kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu maji. Wanaume walinyamaza. Kijana mmoja wa chuo kikuu, aliyekuja kwa ajili ya mizinga na manowari, aliandika kwenye daftari muda wote.

Nimesoma vitabu vingine vya namna hii tangu siku ile, na nikifika mahali ambapo mzigo mkubwa umevushwa mlima, macho yangu yanatafuta maji yenyewe.

Kutoka Sankisia treni fupi iliwafikisha Bukama, kwenye Lualaba. Hapa nilinyoosha mkono kwa mara ya kwanza. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na nikiwa mtoto nilipita Bukama naye mara nyingi. Tulinunua samaki wa kukauka dirishani kabla treni haijasimama vizuri. Kitabu kilisema mto ulikuwa na maji machache, mashua zikafungiwa mapipa chini ili zielee juu zaidi. Muzee aliuliza kama kuna anayeujua mto ule wakati wa kiangazi. Nikasema ninaujua: mchanga unatokeza mgongo katikati ya mto, mahali ambapo mwezi wa tatu huwezi kuuona, na wavuvi wanasimama juu yake kama wamesimama barabarani. Muzee akaniambia, "Asante mama, endelea," nami nikaendelea. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu na kitabu hawezi kujua nilivyojisikia.

Vita vyenyewe ziwani ni vifupi, na muzee alivimaliza haraka, jambo ambalo kijana wa chuo hakulipenda. Nami nitavifupisha. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo mbili ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani kwa dakika chache. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Ile kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, ambayo ilikuwa imejengwa Papenburg, ikavunjwavunjwa, ikasafirishwa katika maelfu ya masanduku mpaka Kigoma na kuunganishwa upya, Spicer-Simson hakuthubutu kuikabili. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipoukimbia mji, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito zisile kutu. Ikaja kuibuliwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Papa (kwetu ni baba) mmoja wa Kalemie, mji wa ziwani, alisema amewahi kuigusa kwa mkono. Alituonyesha mkono wenyewe, na watu wawili wakaushika.

Papa huyu ndiye aliyetuletea ubishi mkubwa kuliko wote.

Kamanda Spicer-Simson, akiwa kambini karibu na Kalemie, alikuwa akivaa sketi. Si mara moja. Ndiyo ilikuwa sare yake ya kazi. Mwili wake ulikuwa umechorwa wino, nyoka na wadudu na kadhalika, na alikuwa akioga hadharani watu wakimtazama. Waholoholo wa pale wakampa jina. Muzee alilisoma kama lilivyoandikwa kwenye kitabu: Bwana Chifunga-tumbo. Akataka kulitafsiri, lakini benchi zima lilikuwa limeshacheka. Jina lilikuwa la kwetu, halikuhitaji mkalimani: ni nguo ya kufunga tumboni.

Kisha akasoma kinachofuata: kwamba watu wale walifinyanga sanamu za udongo za kamanda, na kwamba walimwabudu.

Papa wa Kalemie akasimama. "Hapana. Ile jina si ya mungu. Mungu habamupake jina ya nguo yake." (Yaani mungu hapewi jina la nguo yake.)

Fikirini hapo kidogo. Mwandishi alikuwa na ushahidi mkononi, amelinukuu jina kwa herufi zake, lakini hakulisikia. Aliyewahi kuishi na wafanyakazi wa migodi hapa Lubumbashi anajua jina la kupanga ni nini. Kila bosi mzungu alikuwa na lake. Wazee wetu waliweza kumsema mbele yake, yeye akisikia jina linapita na kudhani wanazungumza habari za mvua. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na jina likakua mpaka likawa jina la serikali nzima. Watu wanampa mtu jina baada ya kumtazama vizuri. Ninyi waandishi mnaandika kwamba walipiga magoti, na jina linasema walikuwa wamesimama wakihesabu pindo za sketi.

Kijana wa chuo alipinga, na alipinga kwa akili. Alisema sanamu za udongo zinaweza kuwa kitu cha kweli chenye nguvu, tusikimbilie kusema ilikuwa dhihaka kwa sababu tu sisi tumecheka. Papa wa Kalemie alifikiri sana. Akajibu, "Sawa, ikuwe dawa. Lakini uliza kwanza: ni dawa ya kumuita, ao ya kumuzuia?"

Swali hilo halikujibiwa, na muzee aliliandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Ndiyo desturi yake. Ukiazima kitabu kilichokwisha kusomwa Jumamosi, pembeni utakuta maswali ya watu: *maji walitoa wapi*, *dawa ya kumwita au kumzuia*, *nani alipika*. Mimi ninalipia 1,000 kwa ajili ya pembeni kuliko kwa ajili ya katikati.

Kuna jambo lingine analolifanya, nalo ndilo lililonifanya nimwamini. Mezani ana sahani ya bati na kikopo cha punje za mahindi. Kila mwandishi anapotuambia mtu fulani alifikiri nini, au aliota nini, au aliguna vipi usiku akiwa peke yake, muzee husimama na kuuliza: amejuaje? Kama kuna barua, shajara au daftari la meli lililotajwa, anaendelea. Kama hakuna, anatupa punje moja sahanini, *tii*. Hakatazi. Hasemi ni uongo. Anatupa tu punje. Jioni tunazihesabu.

Mwanzoni ilinikera, kwa sababu sehemu zenye punje nyingi ndizo zilizokuwa tamu. Na ubishi juu ya punje haujaisha mpaka leo. Fundi viatu mmoja anasema bila sehemu hizo, historia ni orodha ya tarehe, nani ataketi kwenye benchi la mbao kwa muda wa saa tatu kwa ajili ya tarehe? Mama muuza sombe anamjibu kwamba yeye akilia anataka kulia kwa kilichotokea. Nimesikia wote wawili wakibadilisha msimamo kitabu kilipobadilika. Upande wangu ni huu: nipe moyo wa mtu, lakini nionyeshe mlango ulioingilia. Katika kitabu cha mashua milango yote ilikuwa ya Wazungu. Baharia mmoja wao, Frank Magee, aliandika makala katika National Geographic mwaka 1922. Wengine waliacha ripoti na kumbukumbu. Wabebaji wa Fungurume hawakuacha karatasi. Hivyo hata punje hawakupata. Hakuna aliyejisumbua kuwabunia ndoto.

Baada ya mashua, muzee alituomba ruhusa. Alisema kitabu kinachofuata ni kizito, nani hataki? Hakuna aliyeinua mkono, akaleta kitabu cha Mmarekani Adam Hochschild juu ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo mali yake, kilichotoka 1998. Yeye anacho kwa Kifaransa. Kinaanza na karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Morel, gatini Antwerp, akitazama mizigo. Meli zinatoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zinarudi Kongo na bunduki na risasi, bidhaa za kununulia hakuna. Kutokana na hesabu hiyo peke yake akajua watu wanafanyishwa kazi bila malipo.

Wasomi huusifu mwanzo ule kwa ufundi wake. Wauzaji wa sokoni waliokuwa benchini hawakuusifu, waliufuata kama wanaofuata hesabu ya duka lao. Mmoja alisema kabla muzee hajamaliza aya: "Anaenda soko na kitunga tupu, anarudia na kitunga yenye kujaa, na hana deni. Njo mwizi." Morel alihitaji miaka ya mapambano kuifanya dunia ione hivyo. Mama yule alihitaji pumzi moja.

Picha ya Nsala imo. Ni ya 1904, ilipigwa na mmisionari Alice Seeley Harris: baba ameketi barazani akitazama mkono na mguu vilivyokatwa vya binti yake mdogo. Muzee hakuiinua juu tuione kwa pamoja. Alikifunga kitabu juu ya kidole chake, akakipitisha kutoka mtu hadi mtu, anayetaka afungue, asiyetaka apitishe. Mimi nilipitisha. Wiki mbili baadaye nilikiazima, nikafungua nikiwa peke yangu, mchana, mlango wazi.

Juu ya hesabu ya waliokufa, milioni 10 inayotajwa mara nyingi, muzee aliweka punje pia, watu wawili wakakasirika sana. Aliwaeleza kwamba hapakuwa na sensa kabla, hivyo ni makadirio, na kwamba kutojua hesabu hakumpunguzii mtu yeyote dhambi yake. Akawasomea jinsi Leopold, mwaka 1908, kabla ya kuikabidhi nchi kwa Ubelgiji, alivyochoma nyaraka za dola lake kwa siku nane mfululizo. Mmoja wa waliokasirika akasema aliyechoma karatasi alijua zinasema nini, akakaa. Mwandishi mwenyewe anakiri kwamba sauti za Wakongo wa wakati ule ni chache mno kwenye karatasi zilizobaki. Nilimheshimu kwa kukiri. Lakini nilirudi nyumbani na njaa.

Njaa hiyo iliponywa kidogo na fotokopi. Muzee ana nakala iliyochakaa ya *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, historia ya mji huu iliyokusanywa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa maboyi, watumishi wa nyumba za Wazungu. Imepigwa taipu kwa Kiswahili chetu, bila kuombea radhi matamshi yetu. Siku aliyoisoma hakuwa na kazi ya kutafsiri. Alisoma tu. Kwa robo saa hakuna aliyemkatiza, na hilo halijawahi kutokea tena. Bibi mmoja wa Kamalondo, ambaye marehemu mume wake alikuwa mpishi kwa Wabelgiji, alifumba macho mwanzo mpaka mwisho. Baadaye aliuliza kama anaweza kuiazima. Muzee alimpa bila rehani. Tarehe za mle ndani nyingine zimepishana na zile za vitabu, na kuna mambo ambayo profesa asingeyaandika, lakini nilipoisikia nilielewa kilichokuwa kinakosekana kwenye mashua na kwenye mpira: mtu anayesema "sisi" kutoka jikoni.

Sasa kasoro, maana mtu anayelipa ana haki ya kusema.

Vitabu vingi havijakamilika. Niliazima kimoja cha Kifaransa juu ya meli iliyopotea kwenye barafu, nikakesha nacho usiku tatu, kurasa za mwisho hazimo. Muzee alijua hazimo. Nilipomuuliza alinisimulia mwisho kwa mdomo, vizuri sana, lakini angeniambia kabla sijalipa. Mara nyingine alinikata 2,000 kwenye rehani kwa sababu ya doa la mafuta, doa ambalo nililikuta. Tulibishana mbele ya watu. Hakunirudishia. Tangu hapo, kabla sijatoka na kitabu, tunakipitia pamoja, naye ameanza kufanya hivyo na kila mteja. Ukienda, dai hivyo.

Mabenchi ni membamba na hayana mgongo. Masika, mabati yanapiga kelele, na mwenye sauti ndogo kwenye benchi la nyuma hasikiki kabisa. Nimeona akina mama wawili wakiacha kuja kwa sababu hiyo, nao walikuwa na mengi ya kusema. Kuna wanaume watatu ambao hujibu kila swali kabla mwulizaji hajafunga mdomo. Muzee ni mpole mno kwao. Nimemwambia.

Na watoto hawana cha kwao. Wanakuja, wanaketi chini karibu na miguu yetu, wanasikia habari za mikono iliyokatwa. Mimi nina binti wa miaka kumi, simleti. Ningependa muzee atenge nusu saa ya mwanzo kwa ajili yao, na hadithi ya mashua kupanda mlima ingewafaa kuliko zote.

Nani aende? Kama unataka kusikia hadithi ikitiririka kutoka mwanzo hadi mwisho, azima kitabu usome nyumbani, Jumamosi itakuudhi. Kama wewe ni mwalimu wa historia, nenda, kaa kimya mara mbili za kwanza. Kama unatoka Bukama, Kalemie, Kasenga, Pweto, Manono, nenda, kwa sababu huko ndiko vitabu hivi vinakopita na huwezi kujua lini mto wenu utatajwa.

Jumamosi hii anaanza habari ya Msiri, mfalme wa Wayeke huko Bunkeya, na msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Leopold, ule uliotoka pwani ya mkabala na Zanzibar mwaka 1891 na kumalizika kwa mfalme kupigwa risasi na kapteni Bodson tarehe 20 Desemba, na Bodson naye kupigwa risasi papo hapo na kufa. Nimesikia muzee mmoja wa Kiyeke ameshauliza atakalishwa wapi, amejibiwa mbele kabisa, na kwamba anakuja na wajukuu wake wawili wamshike mkono. Punje zimeongezwa kwenye kikopo, nimeziona jana. Mabenchi yatajaa kabla ya saa nane na nusu, hivyo njoo na kiti chako, na kama una kipande cha plastiki cha kuziba pale mabati yanapovuja upande wa kushoto, kilete pia.